Mwalimu Kwanza, Mji Baadaye: Chuo Kikuu cha Japani kwa Kijana wa Buseresere

Buseresere ni mji wa biashara katika wilaya ya Chato, nao umesongamana na Katoro ya wilaya ya Geita hata mpita njia hutoka wilaya moja akaingia nyingine bila ya kujua. Na katika miji hiyo pacha Japani si nchi ngeni machoni pa mtu, kwani michomoko ipakiayo abiria, malori ya Fuso na Canter yashushayo mpunga na saruji, na mashine za kuvutia maji kule maduarani, aghalabu asili yake ni huko. Magari mengine yangali na vibandiko vya maandishi ya Kijapani kiooni, na dereva atiapo ufunguo husikika sauti ya bibi mmoja wa Kijapani ikimpa taarifa ambayo yeye haifahamu wala haimkoseshi usingizi. Walakini muulize kijana wa Kidato cha Sita wa mji huo, mwenye tahasusi ya PCM au PCB na shauku kubwa ya kwenda kusoma Japani, akutajie chuo kikuu kimoja cha nchi hiyo, naye atasema "Tokyo", kisha atanyamaza. Na baba yake aliyeketi pembeni atauliza swali moja tu, nalo ni bei.

Jibu la mtoto na swali la mzazi yote yana haki yake, lakini hayatoshi. Japani ina vyuo vikuu vinavyokaribia 800, ambavyo zaidi ya 80 ni vya taifa na vilivyo vingi ni vya binafsi, navyo vinahitilafiana kama maduara ya dhahabu ya Lwamgasa yanavyohitilafiana, lipo litoalo mawe yenye mali na lipo litoalo kifusi kitupu, na mchimbaji aijuaye kazi yake hashuki shimoni kwa kusikia jina la kilima kabla hajauliza mwamba umelalia upande gani. Rai yangu ni kwamba kijana wa ukanda huu wa dhahabu asianze na jina la mji, wala na zile orodha za vyuo bora zitolewazo kila mwaka na kusomwa kwa pupa. Aanze na jambo analotaka kulijua, amtafute mwalimu wa Japani alishughulikiaye jambo hilo, na chuo kitajichagua chenyewe.

Mfano ulio karibu nasi kupita yote ni zebaki. Yeyote aliyewahi kusimama mwaloni ameona jinsi mawe yanavyosagwa katika karasha, unga ukateremshwa kwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia, kisha mchanga mzito ulionaswa ukatiwa katika beseni, na mkono mtupu ukaikanda zebaki humo mpaka ikaikamata dhahabu na kuwa donge moja la rangi ya fedha; na donge hilo likawekwa juu ya moto wa mkaa, pengine uani, pengine karibu na watoto wanaocheza, hata zebaki ikapanda kuwa mvuke usioonekana na dhahabu ikabaki peke yake. Mvuke huo ukivutwa siku nyingi hutetemesha mikono na kudhuru figo na fahamu. Na ile zebaki imwagikayo majini hugeuzwa na vijidudu vya matopeni kuwa ya namna nyingine iliyo kali zaidi, ikaingia katika samaki wadogo, kutoka kwao ikaingia katika samaki wakubwa, na mwisho wake ni mlaji.

Sasa, ni nchi gani duniani iliyoyajua madhara ya zebaki kwa uchungu mkubwa zaidi kuliko Japani? Huko kusini, katika mkoa wa Kumamoto, ipo bandari ndogo ya wavuvi iitwayo Minamata, ambako kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga maji yake machafu ghubani. Mwaka 1956 ulitambuliwa rasmi huko ugonjwa wa ajabu uliowafanya watu wapoteze hisia za vidole, macho na masikio, wengine wakafa kwa kifafa kisichokoma. Na mwaka 1959 waganga wa Chuo Kikuu cha Kumamoto wakatangaza kwamba sababu ni zebaki iliyomo katika samaki, ilhali kiwanda hakikuacha kumwaga sumu hiyo ila mwaka 1968. Miongoni mwa waganga wa chuo hicho alikuwamo Dakta Masazumi Harada, aliyefariki mwaka 2012, ambaye alibainisha kwamba sumu ile humpata hata mtoto aliye tumboni mwa mama asiyeonyesha dalili yoyote, na ambaye hakutosheka na wagonjwa wa nchi yake, bali yeye na wenzake waliizunguka dunia wakiitafuta zebaki popote ilipokuwa ikitumika. Safari hizo ziliwafikisha kwetu. Walipima nywele za wachimbaji dhahabu, za wavuvi wa Ziwa Viktoria na za wakazi wa Mwanza, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Na katika watu wasio wachimbaji waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi, kilichoshukiwa hakikuwa samaki wala dhahabu, ila sabuni ya kuogea iliyotiwa zebaki. Hapo ndipo unapoona faida ya mwalimu ajuaye kuuliza, kwani wengi wetu tungalirudi nyumbani na jibu tulilokwenda nalo.

Mwezi Oktoba 2013 mataifa yalikutana huko huko Kumamoto kutia sahihi Mkataba wa Minamata wa kuipunguza zebaki duniani, Tanzania ikiwa miongoni mwao, na mwaka 2020 nchi yetu ikauridhia. Basi kijana wa Buseresere atakaye kusomea afya ya jamii au kemia ya mazingira, na ambaye tangu utoto amekuwa akiona donge la zebaki likichomwa, ana jambo la kumweleza mwalimu wa Kumamoto ambalo yule aliyelisoma kitabuni tu hawezi kulieleza. Wala hatakuwa akianza na ardhi tupu akirudi, maana STAMICO, shirika la madini la taifa, imekwisha kujenga vituo vya mfano vya uchenjuaji katika Lwamgasa, Katente na Itumbi ili wachimbaji wadogo waone njia ya kupata dhahabu bila ya zebaki, na vituo hivyo vinataka wataalamu.

Aliyevutwa na miamba yenyewe, naye njia yake ni nyingine. Kaskazini, katika pwani ielekeayo bara la Asia, uko mkoa wa Akita, ambao zamani ulikuwa na migodi mingi ya fedha na shaba, na ambako mwaka 1910 kilianzishwa chuo cha madini ambacho baadaye kilikuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Akita; na mwaka 2014, wakati migodi ya mkoa huo ilipokuwa imekwisha kufungwa, chuo hicho kilifungua kitivo kizima cha sayansi ya rasilimali za kimataifa, kwa hoja iliyo wazi kwamba nchi isiyo na madini yake lazima iwe na watu wajuao madini ya wengine. Hoja hiyo ina maslahi ya Wajapani ndani yake, na msomaji asione haya kulitambua hilo. Lakini mwanafunzi mwerevu huyatumia maslahi ya mwenyeji wake kwa faida ya kwao. Akita si mji wa jina kubwa, na theluji yake ni nzito, lakini mtu anayetaka kujua namna ya kuitenga dhahabu na mawe atapata huko walimu wa fani hiyo kuliko atakavyowapata katika vyuo vingi vitajwavyo kwa sifa.

Chuo Kikuu cha Kyushu, katika mji wa Fukuoka, ni kikubwa zaidi na hali yake ya hewa ni ya upole zaidi. Kilianza mwaka 1911 katika nchi ya makaa ya mawe, na elimu ya migodi ilikuwamo tangu zamani. Na tangu mwaka 2010 kimekuwa kikifundisha shahada ya kwanza ya uhandisi kwa Kiingereza. Fauka ya hayo, kisiwa hicho hicho cha Kyushu ndicho chenye mgodi wa dhahabu wa Hishikari, uliogunduliwa mwaka 1981 na kuanza kutoa mali mwaka 1985, ambao mawe yake yana dhahabu nyingi kwa tani mara kadhaa kuliko migodi ya kawaida duniani, ingawa ni mdogo kwa upana na unachimbwa kwa makini mno kwa sababu ya maji ya moto yaliyo chini yake. Ule mgodi wa kale wa kisiwa cha Sado, ambao watalii hupelekwa kuutazama na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika urithi wa dunia, ulifungwa tangu mwaka 1989. Tusidanganywe na picha zake.

Nimesema mwalimu kwanza, na sharti nieleze sababu, maana jambo hili huwapiga chenga vijana wetu waliozoea mfumo wa Dar es Salaam, ambako mtu huchagua kozi na walimu akawakuta. Katika vyuo vya Japani, hasa kuanzia shahada ya umahiri, mwanafunzi huingia katika maabara ya profesa mmoja kama mtu aingiavyo katika nyumba ya watu: ana meza yake humo, ana wakubwa zake waliotangulia ambao humwonyesha njia, ana kikao cha kila wiki ambamo husimama na kueleza alilolifanya, na profesa ndiye ajuaye kama anaendelea au amekwama. Ukimpata mwalimu anayejali, miaka miwili ni neema. Ukimpata asiye na haja na jambo lako, jina la chuo halitakuponya. Kwa sababu hiyo vyuo vingi hutaka mwombaji wa masomo ya juu aandike barua kwa profesa kabla ya kuomba, na wengi huanza kwa nusu mwaka au zaidi kama wanafunzi watafiti, daraja ambalo halina shahada, kisha ndipo hufanya mtihani wa kuingia umahiri. Mzazi asitishike akisikia mwanawe yuko Japani mwaka mzima na bado "hajaanza".

Sasa nirudi kwa baba na swali lake. Ada ya kawaida katika vyuo vya taifa ni yeni 535,800 kwa mwaka, na kuingia peke yake ni yeni 282,000 zilipwazo mara moja. Ada hiyo kwa viwango vya fedha vya karibuni inafika shilingi milioni 8 au 9. Chuo Kikuu cha Tokyo kimekwisha kuipandisha yake hadi yeni 642,960 tangu mwaka 2025, na vya binafsi kwa kawaida hutoza zaidi. Kodi ya nyumba na chakula havimo katika hesabu hiyo. Mwanafunzi mgeni akipata kibali huruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, na wapo madalali wanaoizungumza ruhusa hiyo kana kwamba ni mshahara utakaolipa kila kitu. Asiamini mtu maneno hayo, wala asitoe hata senti kwa yeyote anayejigamba kwamba ana "nafasi" mkononi. Kwa familia nyingi za Buseresere njia ya fedha zao wenyewe haipo, na ni afadhali lisemwe hivyo mapema kuliko mtoto aondoke na arudishwe na madeni.

Njia iliyopo ni ufadhili, na ulio mkubwa ni ule wa Wizara ya Elimu ya Japani, ulioanza mwaka 1954 na unaojulikana na wengi kwa jina la MEXT. Unalipa ada yote, nauli ya ndege ya kwenda na kurudi, na posho ya mwezi ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa yeni 117,000 kwa wa shahada ya kwanza na yeni 144,000 hivi kwa wa umahiri. Una milango miwili. Wa kwanza ni Ubalozi wa Japani uliopo Dar es Salaam, ambao hutoa tangazo takriban Aprili au Mei, hufanya mtihani na mahojiano, na waliofaulu huondoka mwaka unaofuata. Wa pili ni chuo chenyewe, ambacho humpendekeza mwombaji kwa wizara, na hapo ndipo barua kwa profesa inapokuwa na nguvu kuliko cheti. Lakini alama za masomo lazima zifike 2.30 katika kipimo chao cha 3.00, na mwenye shahada iliyopatikana kwa kuponea chupuchupu asipoteze wakati wake.

Hapa kuna tofauti ambayo haielezwi vya kutosha. Aombaye umahiri kwa njia ya ubalozi huchagua vyuo mwenyewe, na baada ya kupita mchujo wa kwanza huviandikia kuomba barua ya kukubaliwa kwa muda. Hivyo yote niliyoyasema juu ya mwalimu yanamhusu barabara. Lakini aombaye shahada ya kwanza kwa njia hiyo hiyo hupelekwa kwanza mwaka mmoja kujifunza Kijapani, ama katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Tokyo ama katika Chuo Kikuu cha Osaka, kisha hupangiwa chuo kwa kadiri ya alama zake. Huyo anachagua fani zaidi kuliko chuo. Kwa yule mwenye kujua hasa anataka nini, na asiye na pupa, mimi ningemshauri asome shahada ya kwanza hapa nchini, Dar es Salaam, Dodoma au Sokoine, kisha aende Japani kwa umahiri akiwa na swali lililopevuka.

Aliyeishia Kidato cha Nne hana budi kujua kwamba Japani hudai miaka 12 ya masomo kabla ya chuo kikuu: miaka yetu 7 ya msingi na 4 ya sekondari ni 11, nayo haitoshi, aliyemaliza Kidato cha Sita ana 13, naye amepita.

Kwa walio kazini kuna mlango wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. Katika mkutano wa TICAD wa maendeleo ya Afrika, uliofanyika Yokohama mwaka 2013, serikali ya Japani iliahidi kuwasomesha vijana wa Afrika umahiri pamoja na kuwapa mazoezi katika makampuni yake, mpango ujulikanao kama ABE. Na mwaka uliofuata ukaanza mwingine uitwao Kizuna, mahususi kwa maofisa na wahadhiri wa nchi zenye madini, ambao hupelekwa katika vyuo kama Akita na Kyushu. Mtumishi kijana wa ofisi ya madini ambaye hajausikia mpango huo wa pili, na aulizie. Upo pia mlango wa miguu, uliofunguliwa na Mkenya Joseph Otwori alipokimbia mbio za kupokezana za Hakone mwaka 1989 akiwa mwanafunzi wa Yamanashi Gakuin, lakini huo ni wa wachache na hauombwi kwa fomu.

Mintarafu lugha, watu hutishwa kuliko inavyostahili upande mmoja, na hupumbazwa upande wa pili. Mwaka 2009 serikali ya huko ilivichagua vyuo 13 vianze kufundisha shahada nzima kwa Kiingereza, na tangu hapo kozi za namna hiyo zimeenea, nyingi zikianza Septemba au Oktoba ilhali mwaka wa kawaida wa Japani huanza Aprili. Hata mjini Beppu kiko chuo cha binafsi, Ritsumeikan Asia Pacific, kilichofunguliwa mwaka 2000, ambacho nusu ya wanafunzi wake au karibu na hapo ni wageni. Lakini Kiingereza huishia mlangoni pa darasa. Hospitali, benki, mwenye nyumba, na fundi wa maabara anayeshika ufunguo wa mashine unayoihitaji, wote lugha yao ni Kijapani, na anayeanza kujifunza herufi zao angali Buseresere kwa simu yake ya mkononi atakuwa ametangulia mbali.

Wala asidhani kwamba ni yeye peke yake ahangaikaye na lugha ya mwenziwe. Chuo Kikuu cha Osaka, kilichokiunganisha Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka mwaka 2007, kina vijana wa Kijapani wanaosomea Kiswahili kwa shahada kamili, na mwandishi wetu wa Zanzibar, Said Ahmed Mohamed, aliwahi kuwa mwalimu huko miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Kyoto nacho kimeijua Tanzania tangu miaka ya 1960, watafiti wake walipoanza kuwafuata sokwe wa milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, kazi iliyoongozwa na Toshisada Nishida kuanzia mwaka 1965 na inayoendelea hata leo. Na kwa muda mrefu kimeshirikiana na Sokoine katika kilimo na misitu. Mtu wa Kanda ya Ziwa mwenye haja na wanyama, misitu au maisha ya wakulima, mimi ningemwelekeza Kyoto kabla ya kwingine kokote.

Juu ya chakula na ibada nitasema kidogo. Unga wa sembe ni adimu, na nyama ya nguruwe hujificha ndani ya supu na michuzi isiyotiliwa shaka, hivyo Mwislamu ajifunze kusoma herufi chache za pakiti kabla ya kitu kingine. Misikiti iko, ule wa Kobe umesimama tangu mwaka 1935, na Fukuoka una wake.

Ile barua kwa profesa ndiyo niliyoiona ikiharibiwa zaidi na vijana. Huandika sifa za Japani, nidhamu yake na magari yake, jambo ambalo profesa analijua. Humwita kwa heshima zote za dunia. Kisha huituma barua hiyo hiyo kwa watu 30, na mwenye kuipokea huitambua kwa mstari wa pili. Iliyo na maana ni fupi: nimesoma makala yako fulani, katika machimbo ya kwetu hali iko hivi, nataka kupima hili, nina alama hizi, naomba ufadhili wa njia hii. Eleza mwalo ulivyo, taja marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, yanavyotiwa tena kemikali katika vati, sema maji yanakoelekea mvua inaponyesha. Jibu likikawia wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu. Lisipokuja, mwandikie mwingine.

Kabla ya kukubali nafasi yoyote kijana aangalie pia mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, kwani ndiyo itakayoitambua shahada ya nje akirudi kuomba kazi. Na baba, ambaye tulimwacha na swali la bei, ajue kwamba hata ufadhili ulipao kila kitu haulipi siku za mwanzo: posho huchelewa, ilhali amana ya nyumba na matandiko havingoji, na wizara yenyewe huwashauri wanaofadhiliwa wachukue takriban dola 2,000 za Marekani mfukoni. Kwa jamaa wa Buseresere hizo ni fedha za kundi dogo la ng'ombe mnadani, hivyo hesabu yake ianze kupigwa siku ileile fomu inapojazwa.